Kumi Juu ya Kumi

6 Januari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkazamjomba, na kwamba magoti yake yamepata nafuu. Sisi huku tunasukuma siku. Karakana ya miwani imepata jiwe jipya la kusagia lenzi, halipigi kelele kama lile la zamani, na sasa tunasikiana tunaposengenyana. Paka amezaa ndani ya sanduku la fremu. Mwenye karakana amesema watoto hao wakitimiza mwezi nao waanze kazi.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Ni miaka sita. Namba ya simu uliibadilisha ukasahau kutupa mpya, lakini sanduku la posta hukulibadilisha, nami nimejipa moyo kwa hilo.

Nina mambo mawili. La kwanza ni la kwangu. Nataka kutoka kwenye jiwe niende kusomea upimaji wa macho, na chuo kinadai mtihani wa Kiingereza. Nimeufanya mara mbili, nimefeli mara mbili, na mara zote nimeanguka sehemu moja: pale ambapo kitenzi kinatakiwa kiruke mbele ya kiima. Naijua ikiwa ubaoni, ila nikipewa kalamu inanitoroka. Watu waliopita mikononi mwako bado wanasema Mwalimu Wino hakuwa na mfano kwa jambo hilo. Nisaidie, Mjomba. Julai ni mara yangu ya mwisho, hawaruhusu ya nne.

La pili ni mama. Tangu Novemba hatoki kitandani. Ni mapafu, na daktari hanitazami machoni anapozungumza nami. Hakuagizi pesa wala dawa. Anataka uje ukae naye hata saa moja. Ni safari ya siku mbili kwa basi, najua, ila mimi siwezi kumwacha nikakufuata. Anakuita Bwana Mdogo bado, kama zamani.

Wako mtiifu, msaga vioo.

*

2 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata, nami nairudisha humu ndani. Usishtuke kuiona imejaa wekundu. Ina makosa kumi na moja, manne kati yake ya herufi kubwa, na hayo ni ya Kiswahili, lugha uliyozaliwa nayo. Sishangai hiyo ya kujifunza ikikuangusha.

Magoti ya mkazamjomba wako ni yaleyale. Anayalalamikia ngazini na kuyasahau sokoni. Mimi macho yamefifia, nasoma karatasi nikiwa nimeiinamia mpaka pua inagusa wino. Fundi wa bomba amekuja mara ya tatu kuziba bomba moja, na bado linavuja.

Nitakufundisha. Mtoto wa dada hafukuzwi mlangoni, hata akija amechelewa miaka sita. Sikiliza basi. Kiingereza ni lugha ya foleni. Kiima husimama mbele, kitenzi nyuma yake, hakuna kusukumana. Lakini likitangulia neno la kukana, kama “never”, au la uchache, kama “seldom”, foleni inavurugika. Kitenzi kisaidizi kinaruka mbele ya kiima, na kitenzi kikuu kinabaki kilipokuwa. Kisaidizi kisipokuwepo, unaazima “do”. Mwanafunzi analikumbuka neno la mwanzo, anasahau kuruka. Mtahini anajua hivyo, ndiyo maana anakutegea palepale kila mwaka.

Utaniandikia sentensi tano kila barua kwenye karatasi yake peke yake. Chini ya kila moja utaweka maana yake kwa Kiswahili, nijue hubahatishi. Kila moja ina alama mbili. Mimi nitasahihisha na kukurudishia. Nje ya bahasha andika MAZOEZI kwa herufi kubwa.

Sasa huyo mgonjwa wako. Siku ya kuagwa kwangu, baada ya miaka thelathini na miwili ya chaki, alisimama mbele ya wageni wangu wote bila kuombwa, akasema barua iliyonipeleka chuo cha ualimu aliiandika yeye. Watu walicheka. Mkuu wa shule alicheka mpaka akatoa leso. Nilirudi nyumbani na zawadi ya saa ya ukutani na sifa ya kuandikiwa barua na mwanamke aliyeacha shule. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, naye alijikwaa mbele ya watu.

Kwa hiyo habari za kitanda kile sizitaki, ziwe za kupona au za kutopona. Bahasha isiyo na neno MAZOEZI sitaifungua. Neno mama nisilione, wala dada. Ukikubali, anza kesho. Ukikataa, nakutakia heri kwenye jiwe lako.

Mjomba wako.

*

21 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nimekubali. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nayahitaji yote mawili.

Tunaoruhusiwa kutajwa tu wazima. Paka mmoja amepotea, wawili wamebaki. Wiki iliyopita nilisaga lenzi za mzee mmoja ambaye hakuwa ameona uso wa mkewe vizuri kwa miaka kumi. Alipovaa akamtazama, kisha akauliza kama vioo vinaweza kupunguzwa nguvu kidogo. Mkewe ndiye aliyecheka kwanza.

Kuhusu macho yako: nenda kliniki yoyote upimwe, nitumie cheti cha vipimo. Nitakusagia miwani mwenyewe. Ni aibu fundi miwani kuwa na mjomba anayesoma kwa pua.

Sentensi ziko karatasi ya pili. Maana zake nakuandikia na hapa, kama karatasi itatengana na barua.

Moja. Kamwe mwanamke yule hajalala usiku mzima bila kukohoa.
Mbili. Ni nadra siku hizi kumaliza hata nusu bakuli ya supu.
Tatu. Si kwamba amekonda tu, bali hata pete yake imeanguka kidoleni.
Nne. Hata siku moja hajamlaani ndugu yake.
Tano. Mara tu anaposikia mlango unagongwa huuliza kama ni yeye amefika.

Nasubiri wekundu wako.

Mpwa wako.

*

19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Bomba limezibwa sasa, ila fundi amefungua jingine. Mkazamjomba wako anakusalimu, anasema unaandika vizuri kuliko nilivyomwambia. Wanafunzi wangu wawili wa zamani walinisimamisha barabarani juzi. Mmoja ni hakimu. Alinisalimu kwa kuinamisha kichwa, watu wakatazama, nami sikujifanya sijaona.

Karatasi yako: nane juu ya kumi. Ya kwanza, ya pili na ya nne ziko safi, kisaidizi kimeruka bila kusukumwa. Ya tano ni ngumu kwa wengi, wewe umeipata, hongera. Ya tatu umeitangulizia neno la kukana halafu ukakiacha kiima kimesimama mbele kama hakijasikia chochote. Nimekata zote mbili, sitoi nusu.

Nina neno moja la jumla. Mifano yako ina ugonjwa mwingi. Mtahini ni mtu, anasoma karatasi mia moja kabla ya chakula, umpe kitu chepesi. Andika juu ya treni, mvua, wageni waliochelewa. Lakini sikulazimishi. Mimi nasahihisha mpangilio wa maneno, na maneno yenyewe ni mali ya mwandishi.

Cheti cha vipimo nimekiweka humu. Daktari wa macho alisema jicho la kushoto ni bovu kuliko nilivyokuwa najidanganya.

Somo la pili: neno “little” likianza, na “so”, na “only”, nayo yanavuruga foleni vilevile. Jizoeze hayo.

Mjomba wako.

*

4 Aprili

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Salamu kwa mkazamjomba.

Bahasha niliyokutumia tarehe kumi Machi, ile isiyo na neno MAZOEZI nje, imerudi kwangu haijafunguliwa. Gundi haikuguswa hata pembe. Umetimiza ahadi, siwezi kulalamika.

Kwenye kopo hili la bati kuna miwani yako. Lenzi nimezisaga mwenyewe jioni tatu, nikazipitisha kwenye kipimo mara nne. Fremu ni nyeusi, ya kiume, isiyokwaruza sikio. Ukivaa, kwa siku mbili za kwanza ngazi zitaonekana karibu kuliko zilivyo, shika ukuta. Baada ya hapo utaona nukta iliyoko ncha ya jani. Mwenye macho haambiwi tazama, Mjomba, na sasa unayo mawili mapya.

Karakana wamenipa ruhusa ya kufanya kazi nusu siku. Sielezi sababu hapa kwa kuwa hairuhusiwi.

Sentensi za safari hii:

Moja. Si hadi alipolazwa ndipo alipomsimulia binti yake kwamba yeye na ndugu yake walikaa dawati moja.
Mbili. Hajui hata chembe kwamba daktari amehesabu wiki, si miezi.
Tatu. Wala hakufurahi mwezi huu alipotimiza miaka sitini na moja.
Nne. Amekuwa mwepesi kiasi kwamba binti yake humbeba mwenyewe hadi bafuni.
Tano. Ni kwa kuisikia sauti moja tu ndipo atakapolala.

Nakuomba sana usichelewe kurudisha. Ninajifunza haraka kwa sababu muda ni mfupi.

Mpwa wako.

*

6 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa, nisamehe. Nilitaka kwanza niizoee miwani.

Sijui nikushukuru vipi. Nimekaa mwezi mzima naona vitu nilivyokwisha kuaga: uzi wa pazia, tarehe kwenye sarafu, mchwa wa dirisha ambao mkazamjomba wako aliapa hawapo. Nimesoma hata maandishi madogo ya chini ya chupa ya dawa, yale yanayosema itakuua. Fundi wa bomba alipokuja nilimwonyesha ufa kabla hajaweka begi chini. Una mikono ya dhahabu, na hilo nalisema bila wino mwekundu.

Mkazamjomba wako ameniuliza kwa nini karatasi zako nazisahihisha mlango ukiwa umefungwa. Nimemwambia mtihani ni siri.

Karatasi: kumi juu ya kumi. Sina hata moja ya kukata. Ya pili na ya nne ningeziweka ubaoni enzi zangu. Ya tatu nimerekebisha kitu kidogo pembeni, hakihusu mpangilio, alama sikugusa. Kama Julai utaandika hivi, mtahini atadhani umeiba.

Somo la mwisho. Kuna sentensi za sharti ambazo neno la “kama” linatupwa kabisa, na kisaidizi kinaruka mbele kuchukua nafasi yake. “Had I known”, ningalijua. Ni muundo wa heshima, hutumiwa na watu waliosoma, na haurekebishi chochote kilichopita. Utunge moja kwa muundo huo.

Mjomba wako.

*

2 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mkazamjomba hajambo? Sisi tuliobaki hatujambo.

Nimerudi karakana siku nzima. Watoto wa paka wamekuwa wakubwa, mmoja analala juu ya mashine ya fremu kwa sababu ina joto. Majirani wamekuwa wema, wanaleta viti na kusahau kuvichukua, nyumba imejaa viti. Mtihani ni wiki ya kwanza ya Julai.

Safari hii nina sentensi moja tu. Samahani, ulitaka tano, na ulitaka moja ya sharti. Hizo sikupata nafasi.

Moja. Hatukuwa hata tumemaliza kufukia kaburi, mvua ikaanza.

Naomba uisahihishe kama ulivyozoea.

Mpwa wako.

*

17 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Sijaisahihisha karatasi yako. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mkazamjomba wako amenikuta hivyo akaichukua mkononi mwangu, akaisoma, na tangu saa ile hajasema nami. Amelala chumba cha mbele.

Hii sentensi ni mfano au ni kweli? Nijibu kwa neno moja. Namba yangu ya simu iko chini ya ukurasa, piga saa yoyote, hata usiku.

Kama ni kweli, lazima uelewe jambo moja. Mimi ni mwalimu. Miaka thelathini na miwili nilisoma karatasi elfu na elfu za watoto waliofiwa, waliopigwa, waliolala njaa, vyote katika sentensi za mazoezi, na usipojifunza kutazama mpangilio peke yake utakufa kabla ya likizo. Nilizitazama zako hivyohivyo. Niliona mwanamke mgonjwa kama ninavyoona treni au mvua. Sikufikiri ni yeye. Nani angefikiri? Ulikuwa na ruhusa ya kuandika lolote isipokuwa yeye, nami nilidhani unatii.

Nakuandikia ile ya sharti uliyoniachia, kwa kanuni yetu, Kiingereza juu na maana chini, upate kuona kwamba hata mimi naandika mazoezi:

Had I known, I would have come.
Ningalijua, ningalikuja.

Nisamehe, mwanangu. Niambie sura yake ilionyesha umri gani, alikuwa anafananaje mwishoni, alisema nini. Niambie amezikwa wapi.

Mjomba wako.

*

29 Agosti

Mjomba,

Nimechelewa, nilitaka kwanza matokeo yatoke. Nimefaulu. Sehemu ya kuruka kwa kitenzi nimepata alama zote, peke yangu katika chumba kizima, na msimamizi aliniuliza nani alinifundisha. Nilimwambia ni mjomba wangu. Naanza chuo mwezi ujao. Deni hilo nakulipa kwa kulisema, sitakuwa na lingine la kulipa.

Ni kweli. Amekufa mama, tarehe ishirini na tano Mei, saa nne asubuhi, mimi nikiwa nimemshika.

Sasa nikueleze jinsi nilivyokuwa nikifanya, kwa sababu hujauliza. Kila ulipochelewa kujibu nilimwambia posta ndiyo mbaya. Nilimwambia barua zangu zote zinapotea njiani, kwamba wewe hujui chochote, kwamba siku utakayojua utapanda basi na viatu visivyofanana. Alikuwa akicheka. Alisema Bwana Mdogo hata utotoni alikuwa anavaa hivyo. Alitaka nimwekee kiti mlangoni upande wa dirisha, kisihamishwe, kwa kuwa wewe hupendi kukaa ukiupa mlango mgongo. Kiti hicho kilikaa pale tangu Januari. Wageni wengine niliwakalisha kitandani.

Aliishi kwa uongo wangu huo. Daktari alisema wiki sita, yeye akakaa miezi minne. Supu aliyokula aliila kwa ajili yako, apate nguvu ya kukugombeza ukifika.

Kuhusu siku ya kuagwa kwako, alinieleza mara mbili. Alidhani anakusifu. Alikuwa amejawa na furaha, akataka watu wajue mlianza pamoja, yeye akishika kalamu na wewe ukimwambia cha kuandika, kabla babu hajapooza na kuhitaji mtu wa kumgeuza kitandani. Yeye ndiye aliyebaki kumgeuza. Wewe ukaenda. Alidhani utasimama umkumbatie. Walipocheka naye akacheka, akijua mnacheka pamoja. Mpaka anakufa hakuelewa kosa lake lilikuwa nini, nami sikumwambia.

Karatasi yako ya mwisho ilifika tarehe kumi na tisa Mei. Nilimsomea alama, kumi juu ya kumi, akafurahi, akaomba aishike. Macho yake yalikuwa mazima mpaka mwisho, unajua, ni mapafu tu. Akaipitia moja moja kama mwalimu. Alipofika sentensi ya tatu kidole chake kikasimama.

Mimi sikuwa nimeona. Niliona wekundu pembeni nikadhani ni nukta. Niliandika kwamba ametimiza miaka sitini na moja, kwa sababu ndivyo kitambulisho chake kinavyosema, na ndivyo nilivyojua maisha yangu yote. Wewe ulikata sitini na moja kwa mstari mmoja ulionyooka, ukaandika juu yake sitini na tatu.

Akanieleza, taratibu, kwa sababu pumzi ilikuwa inamwishia. Babu alimpunguzia miaka miwili shuleni ili akubaliwe darasa moja na wewe, akulinde usipigwe na wakubwa. Waliojua ni watu wanne. Watatu wamekwisha kufa. Mwanamke wa kwenye mfano hana umri wa kurekebishwa, Mjomba. Ulijua ni nani tangu mwanzo. Mkono wa ualimu ulikuponyoka tu, hukuweza kuona kosa ukaliacha lipite.

Alinirudishia karatasi. Akasema, “Kumbe posta nzima.”

Kisha akasema, “Kile kiti kitoe. Kinazuia njia.”

Nilikitoa. Baada ya hapo hakula tena. Mlango ulipogongwa hakuuliza. Alikaa siku sita, alizungumza nami juu ya mambo mengine, nguo zake zigawiwe nani, paka asifukuzwe. Jina lako hakulitaja, la utoto wala la ukubwa, si kwa hasira. Lilikuwa limemtoka tu. Umeniuliza alisema nini mwishoni. Hiyo ndiyo habari yote, wewe hukuwemo.

Miezi minne nilimdanganya nikafanikiwa, nawe kwa tarakimu mbili ukaniumbua mbele yake. Sitakusamehe kwa hilo. Kutokuja ningeweza kukusamehe, watu wana vichwa vigumu na magari huharibika. Lakini ulisoma kwamba anakohoa, ukatoa alama mbili. Ulisoma kwamba daktari amehesabu wiki, ukasema ungeiweka ubaoni. Ulisoma kwa miwani niliyokusagia mimi, ukisifu jinsi unavyoona uzi wa pazia, na mlango ukiwa umefungwa ili mkeo asikuone uso.

Mahali alipozikwa sitakuandikia. Uliomba habari za kitanda kile usiletewe, ziwe za kupona au za kutopona, nami ni mpwa mtiifu. Miwani baki nayo. Ni vipimo vyako, haimfai mtu mwingine.

Barua yako ya Juni nakurudishia humu ndani kama ulivyonizoesha. Nimeisahihisha, wino nimenunua wa aina ileile yako. Usishtuke, haina wekundu mwingi. Ile ya Kiingereza nimeipa alama zote, kisaidizi kimeruka pale kinapotakiwa, kumi juu ya kumi, msimamizi wangu angekupigia makofi. Kosa liko kwenye mstari wa chini, wa Kiswahili. Nimekata maneno yote mawili na kuandika juu yake yaliyo sahihi.

Nilijua, sikuja.